Pua Yangu na Mabamba ya Matambara

Jumatatu, 3 Machi

Mimi ni mtu wa bahati, na nalisema hili ukurasa wa kwanza kabisa ili asije mtu akadai nilijisifu baadaye. Kuna waliozaliwa na mashamba, wengine na sauti ya kuimba, wengine na baba mwenye duka. Mimi nilizaliwa na pua. Nipe uzi wowote, uwashe, nipitishie moshi wake mara moja, nitakuambia kama ni pamba, kitani, katani au plastiki iliyojivika upamba. Shule niliiacha darasa la tano, niliiacha mwenyewe wala haikuniacha, na sijajuta. Wenzangu wana vyeti ukutani. Changu kiko usoni, hakitaki fremu na mchwa hawakiwezi.

Mwalimu, mwenye karakana hii, leo katugawia madaftari. Amestaafu kufundisha lakini kufundisha bado hakujamstaafu. Kila mfanyakazi aandike siku zake msimu wote wa mvua, halafu atayasoma yote matatu ajue bamba lipi liliharibika siku gani na kwa sababu gani. Kila ukurasa kautia namba kwa mkono wake, mtu asichane. "Andikeni ukweli," alisema, "hata ukiwa mfupi." Kwenye neno mfupi akanitazama mimi.

Kazi yetu kwa asiyeijua ni hii. Mafundi cherehani hutupa vipande, nyumba za wageni hutupa mashuka yaliyochoka. Tunayakusanya, tunatoa vifungo na zipu, tunachagua pamba peke yake. Mashine inaitafuna pamba mpaka inarudi kuwa nyuzi, tangi linaiponda na maji mpaka inakuwa uji, uji tunaumwaga kwenye fremu ya wavu, tunaukandamiza kwa jeki, tunauanika kwenye chanja. Ukikauka ni bamba. Shuka ulilolilalia mwaka juzi linakuwa dari juu ya kichwa chako, na huna habari.

Msimu huu tuna kazi moja, ila ni kubwa. Dari za shule. Madarasa manane, mabati matupu, mvua ikianza walimu wanabaki kufumbua midomo kama samaki. Mabamba yetu hunyamazisha bati. Shule ikiridhika karakana itaishi, isiporidhika Mwalimu atafunga mlango na kila mtu ashike njia yake. Siku ya kukabidhi ni tarehe 9 Mei. Plastiki ikiingia kwenye uji bamba halishikani, kwa hiyo wote wanaitegemea pua yangu. Walale usingizi.

Jumanne, 4 Machi

Mawingu. Nimepitisha magunia sita. Hakuna aliyenipongeza, nimejipongeza mwenyewe.

Alhamisi, 6 Machi

Niwataje wenzangu, maana haipendezi mtu kung'ara peke yake daftarini.

Fundi wa mashine tunamwita Kimya. Kwa siku anasema maneno manne, na mawili kati yake ni "ngoja kidogo". Mashine anaiheshimu kuliko watu.

Mwingine ni shemeji yangu, mdogo wake mke wangu. Mumewe alikwenda kutafuta maisha, akayapata, hakurudi nayo. Kamwachia watoto wawili. Mwaka jana nilimwombea kazi hapa kwa moyo mweupe. Tabu ya kuwa na moyo mkubwa ni kwamba hata nyoka anapata pa kulala.

Yeye anachagua kwa mshumaa. Anachomoa uzi, anauchoma, halafu anainamia majivu kama anayetafuta sindano. Pamba ikiungua inaacha majivu laini. Plastiki inayeyuka na kujikunja, inakuwa ushanga mweusi mgumu. Kuna na kitambaa cha mchanganyiko, nusu pamba nusu plastiki, huyo ndiye mnafiki wa meza yetu: anawaka vizuri kama pamba na kuacha kipunje ambacho usipokisaga kwa kidole hukijui. Ila moshi wake unamsaliti. Moshi wa pamba ni wa karatasi. Wa plastiki una utamu fulani wa uongo, kama mtu anayekusalimia mno.

"Shemeji," nikamwambia, "huo mshumaa unamulikia maiti?"

"Namulikia uzi, shemeji."

"Wenye pua hatukodolei majivu. Majivu ni ya mpishi."

"Basi niache nipike."

Kimya akacheka. Nimeandika tarehe, kwa kuwa sijui kama kicheko hicho kitatokea tena.

Jumatatu, 10 Machi

Mvua imeanza asubuhi na imekuja na hasira zake. Ndani ya karakana tunazungumza kwa mikono. Mke wangu kaja na chupa ya chai ya maziwa, wote wakaonja na kutema, wakasema maziwa yamechacha. Mimi nilimaliza kikombe. Watu wanadeka siku hizi.

Ijumaa, 14 Machi

Mabamba ya kwanza yamekauka. Yale ya lundo langu yana alama nyekundu, ya shemeji buluu, maana Mwalimu anataka kila bamba lijulikane baba yake. Tumegonga, tumekunja, yamekaa kama ubao wa mninga. Mwalimu kachukua manne, mekundu matupu, kayapigilia juu ya ofisi yake. Mvua ikaja saa nane. Huku nje bati linalia kama linachinjwa, mle ndani tunasikia saa ya ukutani.

"Bwana Pua," Mwalimu akasema, "hii ni kazi."

Nilimwambia anisamehe, sijui kufanya kazi mbaya.

Shemeji alikuwa mlangoni anafuta masizi vidoleni. Hakusema hongera. Kijicho hakina shukrani.

Jumanne, 18 Machi

Leo nimerudi mapema kutoka kula. Namkuta shemeji kwenye lundo langu, mkono umezama hadi kiwiko, mshumaa pembeni unawaka.

"Unatafuta nini kwangu?"

"Kifungo."

"Kifungo gani?"

"Kimenikatika."

Nikamtazama gauni. Vifungo vyote vipo, hata vingine vimezidi. Akaondoka na kitu kiganjani, akakitia kwenye kopo la maziwa ya unga analoliweka chini ya meza yake.

Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga, na mimi kazi yangu yote ni nguo.

Jumatano, 19 Machi

Sijamsalimia. Naye hakuona tofauti.

Ijumaa, 21 Machi

Yamekuja mashuka ya nyumba ya wageni, meupe, mizigo kumi na minne. Shemeji kayashika, kasema, "Haya mimi siyaamini." Nikauchomoa uzi mbele ya Mwalimu, nikauwasha, nikafumba macho, nikavuta moshi taratibu kama ninavyofanya siku zote, maana watu wanapenda kuona. Nikasema pamba. Yote upande wangu.

Mtu ambaye ana jina hatakiwi kusitasita.

Jumatatu, 24 Machi

Nimemnasa tena. Safari hii nilijificha nyuma ya magunia, sikula kwa ajili yake, na njaa ikaniongezea maneno. Nikapiga kelele mpaka Mwalimu akatoka ofisini na miwani mkononi.

"Kila siku anachokora lundo langu. Kila siku, Mwalimu."

"Anakuibia nini, nyuzi?"

"Ananiibia heshima."

Mwalimu akamgeukia. "Mama, eleza."

Shemeji akasema, "Napenda kuhakikisha."

"Kuhakikisha pua yangu?" nikauliza.

"Kuhakikisha uji, shemeji."

Nikamwambia yeye aliingia hapa mgongoni mwangu kama mtoto mchanga, na mtoto akibebwa hachagui njia. Nikamwambia mwanamke aliyeshindwa kuhakikisha mume asije kunihakikishia matambara. Hilo la mwisho lilitoka lenyewe. Kimya akazima mashine, na mashine ilipozimika neno langu likabaki limesimama katikati ya chumba.

Mwalimu hakunitazama. Alichukua chaki, akapiga mstari sakafuni kati ya meza mbili. "Kila mtu na lundo lake. Atakayevuka atanieleza mimi."

Shemeji alikusanya mshumaa wake. "Mimi sitavuka," akasema. "Mtakuja kunivusha wenyewe."

Kitisho hicho. Nakiandika kama ushahidi.

Alhamisi, 27 Machi

Nyumbani kumegeuka mahakama. Mke wangu anataka nimwombe radhi mdogo wake kwa lile neno la mume. Nilimwambia kazini ni kazini. Akasema, "Na ulimi je, unauacha kazini?" Halafu akaanza habari ya panya aliyekufa chini ya kitanda, ati ananuka siku tatu na mimi namlalia juu yake. Nikamwambia mtu akichoka na kazi ya heshima hulala, hafanyi ukaguzi.

Kamtoa mwenyewe. Kweli alikuwepo.

Jumanne, 1 Aprili

Mvua. Chaki haifutiki kwa sababu hakuna anayevuka.

Ijumaa, 4 Aprili

Kimya kaja mezani kwangu ameshika kitu kama nywele za maiti, kirefu, kimekakamaa. Kakitoa kwenye ekseli ya mashine.

"Pamba haijisokoti hivi," akasema.

Maneno matatu, na yote yanauma. Nikamwambia atie grisi. Akaniuliza, "Umeyanusa yale mashuka?"

"Wewe unaniuliza mimi kama nimenusa? Nenda kamuulize samaki kama ameoga."

Hakucheka. Kakiacha kile kisokoto juu ya meza yangu, kaenda zake. Naona wameungana. Shemeji kamvuta upande wake, na mtu mkimya ni rahisi kuvutwa, hana maneno ya kujishikilia.

Jumatano, 9 Aprili

Siku mbaya, lakini nimeimaliza nimesimama.

Asubuhi Mwalimu kaenda kwenye chanja kugeuza mabamba. Akalishika moja pembeni, likafunguka katikati kama mkate. La pili hivyo hivyo. La tatu likabaki mkononi mwake vipande viwili, ndani yake nyuzi nyeupe zimesimama, hazikushikana na chochote. Alama zote nyekundu. Akayapanga sakafuni, arobaini na moja, mpaka hatukuwa na pa kukanyaga.

Halafu akachukua kipande kwa koleo, akawasha moto. Lazima nieleze: uji wetu tunautia chumvi ya kuzuia moto, na bamba la pamba ukiliwasha linakuwa jeusi, linasononeka, linazima. Hili halikuzima. Liliyeyuka. Likaanza kudondosha matone yanayowaka, moja moja, kwenye ndoo ya maji aliyoiweka chini, na kila tone likilia lilipogusa maji. Tulisimama wote wanne tukisikiliza.

"Hapa chini," Mwalimu akasema, "pangekuwa na kichwa cha mtoto wa nani?"

Mimi nina mapacha. Wanasoma shule hiyo hiyo.

Akanigeukia. "Bwana Pua. Lundo ni lako."

Nikasema kwamba lundo ni langu ila mkono haukuwa wangu. Nikasema nilimwona shemeji kwa macho yangu mawili, Jumatatu mchana, akivuka chaki na kutupa takataka za upande wake kwenye lundo langu, ili kulipiza. Nikasema si alitisha mwenyewe mbele ya watu wote? Maneno yalikuja yamejipanga kama wanafunzi wa gwaride.

Mwalimu akamuuliza Kimya kama aliona. Kimya akasema alikuwa nyuma ya mashine.

Akamuuliza shemeji. Shemeji alinitazama mimi. Alinitazama kwa muda wa mtu kusoma barua fupi mara mbili.

"Sikuvuka," akasema. "La zaidi analo shemeji. Sema, shemeji."

"Nimeshasema."

"Basi kama umeshasema."

Mwalimu akavua miwani. Alisema hana njia ya kujua, ila hawezi kukaa na watu wawili wanaopigania uji utakaokwenda juu ya watoto, na kati ya wawili mimi ndiye mwenye miaka sita hapa. Akamwambia aende nyumbani. Shemeji akafungua aproni, akaikunja mara nne, akaiweka mezani. Mshumaa kauacha. Alipofika kwenye chaki akasimama, akaipitia kwa nje, akazunguka meza zote mbili mpaka mlangoni ili asiikanyage, ingawa mvua ilikuwa inamngoja.

Nimeshinda. Siku ya kushinda mtu anatakiwa awe na hamu ya kula.

Alhamisi, 10 Aprili

Meza zote mbili sasa ni zangu. Pana nafasi.

Jumapili, 13 Aprili

Mke wangu hasemi na mimi. Jioni kaniwekea maharage, kakaa mbele yangu kanitazama nikila. Nimemaliza sahani.

"Matamu?" akauliza.

"Matamu sana, mama. Umeyaunga vizuri."

"Yameungua tangu saa kumi. Jirani kaja na ndoo ya maji akidhani nyumba inawaka. Wewe ulikuwa umekaa hapo hapo mlangoni, unasikiliza redio."

Nikacheka. Nikasema mapenzi hayanusi.

"Mficha maradhi kilio humfichua," akasema, akachukua sahani yangu isiyohitaji kuoshwa, akaiosha usiku kucha. Nimekosea kuandika, si usiku kucha. Ilikuwa dakika chache. Ila nilisikia kila sekunde.

Jumatano, 16 Aprili

Nimepitisha mizigo minne.

Jumanne, 22 Aprili

Mabamba mengine thelathini yamefunguka. Shemeji hayupo siku kumi na tatu. Mwalimu kayapanga tena sakafuni, halafu kaja akasimama mbele ya meza yangu, akaongea kwa ile sauti ya chini ambayo walimu huitunza kwa ajili ya siku mbaya.

"Aliyetupa takataka ameondoka. Takataka zinaingilia wapi?"

Nikasema mashuka. Nikasema siku hizi watengenezaji wamekuwa wajanja, nikasema unyevu, nikasema mashine ya Kimya inabakiza mabaki. Nilitaja kila kitu kilichomo ndani ya karakana isipokuwa kimoja kilichomo usoni.

Mwalimu alipoondoka Kimya alikuja. Akainama chini ya meza ya shemeji, akatoa lile kopo la maziwa ya unga, akalimimina mbele yangu. Zilitoka shanga. Nyeusi, kahawia, ndogo, kubwa kama punje ya mtama, zikasambaa mezani na nyingine zikabingirika chini. Kila moja ni uzi wa plastiki uliochomwa ukajikunja.

"Hizi za kwake?" nikauliza.

"Za kwako."

"Vipi za kwangu?"

Kimya akavuta pumzi kama anayenyanyua gunia. Nayaandika maneno yake yote kwa kuwa ni mengi kuliko aliyonipa kwa miaka sita. "Kila mchana ukienda kula, alipitia lundo lako. Chenye plastiki alikitoa, akatupa. Ushanga aliuweka hapa. Alianza Februari. Mabamba yako mazuri yale, ya ofisini, ni yake. Ulipomwekea chaki aliacha. Basi."

"Kwa nini hukusema siku ile?"

"Alinikataza." Akafikiri. "Na niliogopa. Nimekosa."

Akarudi kwenye mashine. Mimi niliokota shanga moja moja mpaka zote zikarudi koponi, na nilipiga magoti, kwa sababu nyingine zilikuwa upande wa pili wa chaki.

Jumatano, 23 Aprili

Nimekwenda kwa shemeji baada ya kazi. Anafua nguo za watu sasa. Alikuwa barazani na beseni, mikono imefanya mikunjo, nguo zimetundikwa ndani kwa sababu ya mvua na watoto wake wanapita chini ya mashuka wakicheza kujificha. Hakunikaribisha. Nilisimama kwenye michirizi ya bati kama mdai.

Nikatoa kopo. "Umesahau kitu chako."

"Si changu."

"Kimya ameniambia."

"Kumbe anajua kusema."

Nikamuuliza alijuaje. Hakuinua macho kutoka kwenye beseni.

"Hunusi, shemeji. Februari niliona uzi wa plastiki tupu unakuyeyukia vidoleni, umefumba macho, unasema pamba. Nikadhani mzaha wako. Halafu ukanywa yale maziwa. Paka asingeyanywa yale maziwa."

Nilicheka. Ni mazoea, mdomo unacheka wenyewe. Yeye hakucheka.

"Sasa kwa nini usiseme kwa Mwalimu?"

"Ningesema mimi ungefukuzwa, na wewe ndiye uliyenitafutia ile kazi. Nilikuwa nakungoja useme mwenyewe. Nikasema, huyu ana maneno mengi, hili moja halitamshinda."

"Shemeji, nisamehe. Hata lile la mume..."

"Lile usiliguse." Akakamua shati mpaka likalia. "Pole yako sina pa kuianika. Nataka meza yangu. Ukiweza hilo, liweze. Usipoweza, nenda nyumbani, unanilowanishia mlango."

Mtoto wake mkubwa akaniletea mwavuli. Mama yake akamwambia, "Rudisha." Nikarudi na mvua yote.

Nilimwona kwa miezi miwili kama nyoka. Nyoka gani anakutolea miiba miguuni wewe ukila?

Alhamisi, 24 Aprili

Nilitaka kuzungumza na Mwalimu. Alikuwa na kazi.

Ijumaa, 25 Aprili

Alikuwa hana kazi. Mimi ndiye nilikuwa na kazi.

Jumamosi, 26 Aprili

Mkuu wa shule kaja kuona dari zake. Mtu mwembamba, sauti imemkauka, anaongea kama anakwangua sufuria. Amepiga kelele chini ya bati mwezi na nusu. Kagonga bamba zuri, kasikiliza, katabasamu kwa uchovu.

"Haliungui hili?"

Mwalimu akasema, "Muulize mchaguzi wangu." Akanitazama, na sikuona kama ananisaidia au ananitega.

"Wewe ndiye Bwana Pua?" mkuu akasema. "Nimekusikia mpaka kwenye kikao cha wazazi. Haya nieleze. Watoto mia tatu watakaa chini ya neno lako."

Nikasema, "Liko salama."

Akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akanishukuru. Alipotoka nilikwenda nyuma ya tangi nikaunawa mkono alioushika, mara mbili. Mapacha wangu wanakaa dawati la pili kutoka mlangoni, wamenieleza mara mia, hapo bati linavuja.

Jumapili, 27 Aprili

Nimelihesabu daftari. Namba za kurasa zote zipo. Ningeweza kulitia tangini, lingekuwa uji kwa nusu saa, karatasi nayo ni nyuzi vile vile. Nililishika juu ya maji. Halafu nikafikiri lingetoka bamba gani.

Jumatatu, 28 Aprili

Mwalimu, msimu haujaisha lakini nakupa daftari leo, kabla hujafungua mlango, ili usome nikiwa bado nabeba magunia nje. Zimebaki siku kumi na moja mpaka kukabidhi. Ukimwita shemeji asubuhi hii, na mshumaa wake, siku zinatosha. Mizigo mitano iliyo karibu na dirisha usiitie mashinani, nimeipitisha mimi. Mabamba mekundu yaliyobaki usipeleke hata moja, ila yale manne ya ofisini kwako, na yale ya kabla ya chaki. Hayo aliyapitia yeye.

Chaki nimeifuta kwa kitambaa na maji. Cha pamba. Nilikichoma uzi kwanza, nikatazama majivu, nikayasaga kwa kidole kama yeye. Ni laini kweli. Sikuwahi kujua.

Tarehe 9 Aprili nilisema nilimwona akivuka. Sikumwona. Hakuvuka.

Januari nilipata mafua ya wiki mbili, na yalipoondoka yaliondoka na pua. Sijanusa kitu tangu siku hiyo, wala moshi, wala panya, wala watoto wangu. Ulipotugawia madaftari nilikuwa najua. Ulisema tuandike ukweli hata ukiwa mfupi. Ule wa ukurasa wa kwanza kuhusu bahati yangu ulikuwa uongo.